Fimbo Huanzia Mtoni

Fundi huyu haulizi una fedha kiasi gani, wala hakuulizi unataka fimbo ya urefu gani. Swali lake la kwanza ni "Mto gani?" La pili ni "Ukisimama pale unapovulia, nyuma yako kuna nini?" Kabla hajapata majibu ya hayo mawili hainuki kitini. Karakana yake iko katika mji mdogo wa Perthshire, Uskoti, mwendo mfupi kutoka mto Tay, na kazi yake ni kuunda fimbo za kuvulia kwa nzi wa bandia, nyingine za trauti na nyingine za samoni. Wengi wanaofika hapo wamekwisha kuchagua kwenye katalogi, na wanataka tu kuthibitishiwa kwamba wamechagua vizuri. Huwasikiliza kwa adabu hadi wamalize, kisha anarudi pale pale: mto gani?

Swali hilo lina sababu. Mvuvi wa mshipi wa Kilwa au Shimoni hufunga chubwi, akauzungusha mshipi na kuutupa. Chubwi ndilo zito, nalo huukokota mshipi hadi linapotua. Katika uvuvi wa nzi mambo ni kinyume. Ndoana imevishwa manyoya mawili matatu na uzi wa rangi ili ifanane na mdudu. Uzito wake ni kama hakuna, na haiwezi kukokota chochote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe. Ni mshipi mnene uliopakwa plastiki, unaopungua unene kuelekea mwisho, na uzito wake umeenea mwilini mwake wote. Ukiwa hewani huipinda fimbo. Fimbo ikijinyoosha huusukuma mshipi mbele, na nzi hufuata tu.

Kwa hiyo kila mshipi una namba yake, na kila fimbo huandikwa namba ya mshipi inaoumudu. Watengenezaji walikubaliana kupima futi 30 za mwanzo, yaani mita 9.1. Kipande hicho kikiwa na gramu 7.8 hivi, huo ni mshipi namba 4. Kikiwa na gramu 9, namba 5. Kikifika gramu 13.6, namba 8. Fimbo za mikono miwili, zile za samoni, zina mizani yake iliyo nzito zaidi, ingawa namba hutajwa kwa mtindo ule ule. Mto ndio unaoamua ukubwa wa nzi na umbali wa kurusha, nzi na umbali huamua mshipi, mshipi huamua fimbo. Anayeanza na fimbo anaisoma hesabu hiyo kutoka mwisho.

Mimi nilifika kwake kwa niaba ya mjomba wangu, mstaafu anayeishi Nyeri na kuvua trauti katika mto Gura. Trauti si wenyeji wa Kenya. Waliletwa mwaka 1905, pale Ewart Grogan alipoingiza trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, ziwa ambalo haliko mbali na karakana hii, akawatia katika mto huo wa milima ya Aberdare. Maji yaliwakubali: ni baridi, yana kasi, na yana hewa ya kutosha. Fundi aliposikia jina la Loch Leven alitabasamu kidogo, akavuta daftari, akaomba nimpigie mjomba simu ya video. Mjomba anajua Kiingereza chake, lakini lafudhi ya Perthshire ilimshinda, nikawa mkalimani.

"Nyuma yako kuna nini?"

"Mianzi."

"Na juu ya kichwa?"

"Mianzi."

"Mto una upana gani?"

"Inategemea. Kwingine naruka."

Fundi aliandika yote hayo, pamoja na hilo la kuruka. Akauliza nzi mkubwa kabisa anayemtumia ni yupi, na mjomba akaonyesha ukucha wa kidole cha mwisho kwenye kamera. Akauliza kama bega lina maumivu yoyote. "Mwambie huyo fundi, mpwa wangu, bega halina neno. Magoti ndiyo yanayolalamika, njia ya kushukia mtoni ni mteremko mtupu." Magoti nayo yakaandikwa. Alipofunga daftari fimbo ilikwisha kupata umbo: futi 7 na inchi 6, mshipi namba 4, vipande vinne. Ni fupi kwa sababu ya mianzi, na nyepesi kwa sababu ya nzi wa ukubwa wa ukucha. Ilikatwa vipande vinne ili kila kimoja kisizidi sana sentimita 60, kiingie katika mkoba wa mgongoni, na mzee abaki na mikono yote miwili ya kushikia bakora kwenye mteremko.

Ndipo aliposogea ukutani. Fito zilikuwa zimesimama kwa safu, nyeusi na za kijani kilichokolea, tupu, hazina pete wala mpini. Huzinunua kiwandani, kwani ufito wa kaboni hautengenezwi nyumbani. Kitambaa cha nyuzi za kaboni kilicholoweshwa rezini hukatwa pembetatu ndefu, kikaviringishwa kwa nguvu kwenye chuma cha duara kinachochongoka, kikakazwa kwa utepe na kuokwa katika tanuri. Chuma kikichomolewa, kinachobaki ni bomba jepesi lenye shina la unene wa kidole na ncha ya milimita mbili hivi. Kabla ya kaboni, ambayo iliingia madukani mwanzoni mwa miaka ya 1970, kulikuwa na nyuzi za kioo. Kabla yake mianzi ya Tonkin kutoka kusini mwa China, iliyopasuliwa vipande sita na kugandishwa upya. Na kabla yake mbao ngumu kutoka Guyana. Fundi amefanya kazi na karibu zote hizo. Haisifu hata moja kuliko nyingine.

Alitoa fito tatu za urefu ule ule na namba ile ile. Kwa jicho langu hazikuwa na tofauti. Hakuzitikisa pale ndani kama wanunuzi wanavyofanya madukani, kwa sababu ufito mtupu ukitikiswa hukuambia habari za ufito mtupu tu. Alibandika pete za muda kwa selotepu, akafunga rili shinani, akapitisha mshipi, akatoka hadi uwanja wa majani nyuma ya karakana. Mwisho wa mshipi alifunga kishada cha sufi nyekundu mahali pa ndoana.

Nilitarajia arushe mbali. Alirusha mita tano, mita sita. Kisha akainama, akaulaza mkono wake ubavuni, akawa anaupeleka mshipi chini chini, sambamba na ardhi, kana kwamba matawi yamemfunika. Alikuwa anavua Gura, mto ambao hajawahi kuuona. Ufito wa kwanza aliurusha mara chache tu, akauweka kando. "Huu ni mkali. Unapinda karibu na ncha peke yake, na mita tano za mshipi haziuamshi. Mpe mtu wa ziwani, mwenye upepo." Wa pili ulipinda vizuri lakini ulichelewa kutulia, kila aliporusha, ncha yake iliendelea kutetemeka, na mtetemeko huo ukapita kwenye mshipi kwa mawimbi madogo. Wa tatu ulipinda hadi karibu na mkono wake, ukajinyoosha, ukanyamaza. Kishada kilitua majanini bila kuruka. Aliurusha tena na tena kutoka pembe tofauti kabla ya kusema neno lolote, na neno lenyewe lilikuwa fupi: "Huu."

Ndani ya karakana aliukagua upya kama mtu asiyeuamini. Alifunga jicho moja na kuutazama kutoka shinani hadi nchani, akiuzungusha polepole mbele ya dirisha. Akauviringisha juu ya meza ya marumaru na kusikiliza: ufito ulionyooka hutoa sauti moja mfululizo, uliopinda hugonga. Kisha akatafuta mgongo wake. Kitambaa cha kaboni kinapoviringishwa, mahali kinapoanzia na kinapoishia huwa pagumu kidogo kuliko kwingine. Aliegemeza ncha mezani, akakandamiza katikati kwa kiganja kimoja huku vidole vya mkono wa pili vikiuzungusha. Ufito ulizunguka, ukasita, ukaruka wenyewe na kukaa upande mmoja. Akaweka alama kwa penseli nyeupe. Alirudia kwa kila kipande kati ya vile vinne. Mafundi wengine husema jambo hili halina uzito mkubwa, naye hawabishii. Huzipanga pete kufuata mgongo, na asubuhi moja kama hiyo si bei ya kumtisha.

Mpini hutengenezwa kwa gamba la mwaloni wa Ureno, lile lile la kutengenezea vizibo vya chupa. Huja likiwa limekatwa vipete vya unene wa milimita 12 au 13. Mpini wa fimbo ya trauti huchukua vipete kumi na tatu hivi, lakini fundi alimwaga zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo mezani, akaanza kuvichagua. Alivipitisha kwenye mwanga, akabonyeza kwa kucha, akanusa kimoja. Vyenye mashimo makubwa vikaenda kwenye kopo. Vyenye mashimo madogo aliviweka ndani ya safu, na vile visivyo na doa akaviweka juu, mahali kidole gumba kitakapokaa.

Kwa kuwa shina la ufito hupungua unene kadiri linavyopanda, tundu la kila kipete lazima litofautiane na la jirani yake. Alichukua tupa ndefu ya duara na kuanza kupanua tundu la kwanza, akijaribu kila baada ya mikwaruzo michache. Kipete hutakiwa kukaa bila kulazimishwa na bila kucheza. Kikibana, kitapasuka siku moja; kikilegea, gundi itafanya kazi ambayo si yake. Alipovimaliza vyote, alivipaka gundi, akavipanga, akavikaza kwa kibano cha nondo mbili na kuviacha hadi kesho yake. Kesho yake vilizungushwa kwenye mashine ya kukerezea, naye akavinyoa kwa vipande vya msasa, kwanza mkavu wa chembe kubwa, kisha laini, kisha laini zaidi, hadi vumbi likawa jepesi kama unga. Kila mara alisimamisha mashine na kufumba macho, akaushika mpini. Nilikuwa nimempimia mkono wa mjomba kwa picha ya kiganja kilichowekwa juu ya rula. Mpini ulipomfaa yeye aliuendeleza kidogo zaidi, kwa sababu kiganja cha mjomba ni kidogo kuliko chake.

Chini ya mpini hukaa kiti cha rili: pete mbili za chuma na kipande cha mbao katikati. Hapa nilipata jambo ambalo sikulitarajia. Alifungua mtoto wa meza na kutoa kipande cheusi, kizito kwa ukubwa wake. Ulikuwa mpingo. Zumari za Kiskoti huchongwa kwa mpingo wa Tanzania na Msumbiji, na rafiki yake anayezitengeneza humwekea vipande vinavyobaki. Aliukereza hadi ukafuata mduara wa rili, akaupaka mafuta, akaufuta, akaupaka tena. Hakuutia rangi. Mpingo hauombi rangi.

Baada ya hapo zilikuja pete. Ya kwanza, iliyo karibu na mpini, ni kubwa na ina kauri ndani, kwa sababu hapo ndipo mshipi unaposuguana zaidi. Zinazofuata ni nyaya zilizopindwa mara moja, kila moja na miguu miwili, nazo hupungua ukubwa kuelekea nchani. Miguu hiyo huja kutoka kiwandani ikiwa na kingo butu. Aliishika mmoja mmoja kwa koleo na kuinoa kwa tupa hadi ikawa nyembamba kama wembe mwishoni, ili uzi upande juu yake bila kuacha ngazi. Mteja hataiona kazi hiyo kamwe, maana yote hufunikwa.

Nafasi za pete hazitoki kwenye jedwali. Alizibandika kwa utepe kwa makadirio, akapitisha uzi wa kamba ndani yake, akafunga shina mezani na kuvuta uzi hadi fimbo ikapinda upinde kamili. Kisha akachuchumaa na kutazama. Pale uzi ulipokata kona badala ya kufuata mkunjo wa fimbo, alisogeza pete milimita mbili, tatu, akavuta upya. Mkunjo ukigawanywa sawasawa, kila kipande cha fimbo hubeba sehemu yake ya samaki. Ukigawanywa vibaya, kuna mahali pamoja panapobeba kila kitu, na hapo ndipo fimbo huvunjika mwaka wa tatu.

Kufunga uzi ni hatua inayomaliza subira ya mtazamaji. Fimbo hulazwa juu ya mihimili miwili midogo iliyokatwa mfereji na kutandikwa kitambaa laini. Kibonge cha uzi wa hariri hukaa ndani ya kikombe; uzi hupita katikati ya kurasa za kitabu kinene cha simu cha zamani, na uzito wa kurasa ndio unaoukaza. Uzi hauzungushwi. Kinachozungushwa ni fimbo, kwa vidole vya mkono wa kushoto, huku ukucha wa gumba la kulia ukiusukuma kila mzunguko ubanane na uliotangulia. Mwanzo wa uzi hulaliwa na mizunguko yake mwenyewe, ukakatwa. Uzi ukaupanda mguu wa pete bila kuteleza, kwa sababu mguu umenolewa. Ilipobaki mizunguko michache, fundi aliweka kitanzi cha uzi mwingine juu ya fimbo, akaendelea kuzungusha juu yake, akakata uzi, akaingiza mwisho wake katika kitanzi na kukivuta. Mwisho ukazama chini ya mizunguko na kutokea upande wa pili, akaupunguza kwa wembe. Utulivu wa namna hiyo nimewahi kuuona kwa washonaji wa kofia za vito kule Lamu: kichwa kimeinama, pumzi fupi, na hakuna anayeulizwa saa ngapi.

Pete nane, miguu miwili kila moja: vifungo kumi na sita, bila kuhesabu vile vinavyoimarisha viungo ili visipasuke. Kifungo cha tano aliporudi kukitazama kwa kioo cha kukuzia, aliona mzunguko mmoja umepanda juu ya mwenzake. Ningeapa hakuna tofauti. Alikikata chote kwa wembe na kuanza upya, bila kuguna.

Hariri ikinywa vanishi hubadilika. Kijani cha majani mabichi huwa karibu cheusi. Kwa hiyo alikuwa na kipande cha ufito uliovunjika alichojaribia rangi kwanza. Baada ya kuridhika alichanganya epoksi, sehemu moja kwa moja, akiipima kwa bomba la sindano. Akaimimina juu ya karatasi ya bati ili isipate joto mapema, na kusubiri mapovu yapande na kupasuka. Aliipaka kwa brashi ndogo huku mota ikiizungusha fimbo polepole, ili isikusanyike upande mmoja na kuning'inia. Mkono wa kwanza ni mwembamba, wa kuzama ndani ya uzi. Wa pili, baada ya ule kukauka, ndio unaong'aa. Kati ya mikono hiyo miwili mlango wa karakana ulifungwa na hakuna aliyeruhusiwa kufagia.

Wakati ile ya Gura ikikauka, kwenye meza ya pili kulikuwa na fimbo ya samoni, na pale ndipo nilipoelewa vyema jinsi mto unavyotawala. Tay ni mto mrefu kuliko yote ya Uskoti, na sehemu nyingi ni mpana mno kwa fimbo ya mkono mmoja. Kingo zake zina miti, kwa hiyo mshipi hauwezi kutupwa nyuma. Wavuvi hutumia urushaji uliopewa jina la mto mwingine wa huku, Spey. Mshipi huinuliwa majini na kuzungushwa pembeni, mwisho wake ukagusa maji karibu na mvuvi na kushika, tumbo lake likaunda kitanzi nyuma ya fimbo. Kisha mikono miwili, wa juu ukisukuma na wa chini ukivuta, huutuma ng'ambo. Kazi hiyo hutaka fimbo ya futi 13 hadi 15, yenye mpini mrefu juu ya rili na mwingine mfupi chini yake.

Samoni akirudi mtoni kutoka baharini ili kuzaa, huacha kula. Kwa nini basi hushika nzi, wavuvi wamebishana vizazi kwa vizazi. Kwa mnunuzi wa fimbo maana yake ni moja: atarusha kutwa nzima, ataacha nzi akatize mkondo, atapiga hatua moja kushuka, atarusha tena, na huenda asiguswe na samaki yeyote. Fimbo inayochosha haifai, hata kama inafika mbali kiasi gani. Mteja wa fimbo ile alikuwa mwalimu wa kike mwenye umbo dogo, na wenzake walikuwa wamemwambia bila futi 15 asijisumbue. Fundi hakubishana. Alimpa ya futi 15 akavue nayo mtoni kwa muda wa kutosha, akatazama. Mkono wake wa juu ulikuwa unapanda kidogo kidogo juu ya mpini, ukitafuta mahali ambapo fimbo ingepungua uzito. Akampa ya futi 13, namba 8, na mkono ukatulia ulipo.

Ukutani ana picha ya Georgina Ballantine, aliyemtoa samoni wa ratili 64, yaani kilo 29, katika mto huu huu tarehe 7 Oktoba 1922, akiwa mashuani pamoja na baba yake. Hadi leo hakuna aliyeivunja rekodi hiyo ya Uingereza ya samoni aliyevuliwa kwa fimbo. Hakutumia nzi siku hiyo, na fundi humwambia hivyo kila anayeuliza. Picha iko pale, asema, kwa ajili ya wateja wanaodhani misuli ndiyo inayorusha.

Fimbo ya mjomba ilipokauka, aliifunga rili na mshipi wake kamili, akaiegemeza juu ya kidole kimoja mbele ya mpini ili kuona kama inalala sawa. Ililalia shinani kidogo. Akabadilisha rili kwa nyingine nyepesi zaidi. Akatoka tena majanini, akainama tena chini ya mianzi isiyokuwepo, akarusha. Mwisho alichukua kalamu ya ncha ya chuma na wino mweupe, akaandika juu ya mpini urefu, namba ya mshipi, na neno moja, "Gura", baada ya kuniuliza tahajia yake mara mbili. Fimbo nzima haikufika gramu 100. Mjomba alipoipokea aliuliza kwanza mbao ile nyeusi ni ya nini. Nilipomwambia, akacheka: mpingo umetoka Tanzania, ukaenda Uskoti, ukarudi Afrika na kazi mpya.

Si kila mtu atapata fundi kama huyu, na fimbo iliyoundwa kwa mkono hugharimu mamia ya pauni. Viwanda vya China na Korea hutoa fimbo nzuri kwa bei nafuu zaidi, na aliyejua anachotafuta ataipata kati yao. Utaratibu ni ule ule. Jua kwanza mto, kisha nzi, kisha mshipi. Fimbo ije mwisho. Kwa vijito vya Mlima Kenya na Aberdare, futi 7 hadi 8 na mshipi namba 3 au 4 vinatosha. Kwa mto wa wastani au bwawa lenye upepo, futi 9 na namba 5 au 6. Kwa samoni wa mito mikubwa, mikono miwili, na urefu unaolingana na mwili wako, si na majivuno ya wenzako. Ukinunua iliyotumika, unganisha vipande na uangalie kama kuna pengo dogo kwenye kila kiungo, kwani viungo vilivyolika hugusana hadi mwisho na havishiki tena. Pitisha kipande cha pamba ndani ya pete. Kikinasa, kuna mchubuko utakaokata mshipi.

Fedha zikiwa chache, usipunguze kwenye mshipi. Fimbo ya kawaida yenye mshipi mzuri hurusha vizuri kuliko fimbo ya gharama yenye mshipi mbovu, na kwa trauti wadogo rili ni mahali pa kuhifadhia mshipi tu. Na jaribu kabla ya kulipa, ukiwa na mshipi ndani ya pete, si kwa kuitikisa mbele ya kaunta. Muuzaji anayeijua kazi yake hatakunyima nusu saa na uwanja wa majani. Akikunyima, fimbo zipo kwingine.